Mama Mbuyi na Darasa la Mchana

Vijana wangu, padri ameniomba niseme nanyi maneno machache kabla hamjaanza kwenda shuleni kusaidia watoto. Alipotamka hilo neno "machache" alinikazia macho, maana ananijua. Basi kaeni vizuri. Na wewe kule nyuma, mwenye kofia, vua kofia. Nimestaafu, lakini macho yangu bado yako kazini.

Mimi ni Mwalimu Ngoie. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya msingi hapa Lubumbashi, nyuma ya mtaa wa Makomeno, tangu nikiwa msichana mpaka mgongo ulipokataa kuinamia madawati. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa miaka ya Zaire, Chama kilikuwa kimoja, na shaba ndiyo iliyolisha mji. Nimewaona watu wa kanisa wa kila aina wakija kutusaidia. Wengine walitusaidia kweli. Wengine, Mungu awabariki, tulisaidika siku walipoondoka.

Mfano ni wale vijana wa kwaya. Walikuja na gitaa na kapu la mikate, na wazo lenyewe lilikuwa zuri, kwa sababu mtoto mwenye njaa hasikii kitu. Lakini kiongozi wao akasimama mbele ya darasa langu akauliza, "Banani banasalia ku parokia yetu? Munyoshe mikono." Walionyoosha wakapewa mkate kwanza, wengine wakapewa vipande vilivyobaki. Wiki iliyofuata akauliza tena. Darasa zima likanyoosha mikono, na mtoto wa mchungaji wa kanisa la jirani akanyoosha miwili. Nilicheka siku ile, lakini nilipofika nyumbani nilikasirika. Tulikuwa tumewafundisha watoto kusema uongo kwa ajili ya mkate, na tumewafundisha kwa gitaa.

Kwa hiyo neno la kwanza ni hilo. Ukileta mkate, lete wa wote, mpe mwalimu mkuu, kisha nenda zako. Usimwulize mtoto anasali wapi. Hiyo ni habari ya wazazi wake.

Sasa nitawaambia habari ya Mama Mbuyi, kwa sababu ndani yake mimi mwenyewe nilikosea, tena sana, na makosa ya mwalimu yanafundisha kuliko sifa zake.

Miaka ile Serikali ilikuwa imechukua shule zote za makanisa. Misalaba ilishushwa ukutani. Somo la dini liliondolewa, mahali pake tukafundisha uraia na mambo ya Chama. Majina ya ubatizo yalikatazwa, hata bwana na bibi vilikatazwa, sote tukawa citoyen na citoyenne, yaani raia. Sikuja hapa kuamua nani alikuwa na haki. Nataka tu mjue kwamba mtu wa kanisa akiingia shuleni siku zile, kila mtu alimtazama mdomo.

Mwaka ninaousema, katika darasa langu la pili nilikuwa na watoto kumi na wawili waliorudia mwaka. Kwa desturi ya shule yetu, mtoto akirudia mara mbili na kushindwa tena, alitolewa. Aliyekuwa karibu zaidi na mlango alikuwa Numbi. Alikuwa msichana wa miaka kumi, mrefu kuliko wenzake wote, magoti yake yakigusa dawati kwa chini. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa tanuru kwenye kiwanda cha shaba, mtu mpole, lakini alikuwa amekwisha sema neno lake: mtoto akishindwa tena, ataenda Kasenga kwa nyanya yake, akachambue na kukausha samaki.

Kazi ya samaki si aibu. Mimi nimekula samaki wa Kasenga maisha yangu yote. Ila Numbi hakutaka. Siku moja alibaki baada ya wenzake kutoka, akaniambia huku ameshika mlango: "Mwalimu, mi sitaki kuenda kwa nkambo. Mi nataka kusoma. Unisaidie." Nikamwambia nitamsaidia. Rahisi sana kusema, siyo?

Mwalimu wetu mkuu alikuwa mzee Mwansa, mtu mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha na akili nyingi. Parokia ilipomwomba ruhusa akina mama waje kusaidia wale watoto kusoma, mara tatu kwa wiki, baada ya masomo ya asubuhi, alifikiri siku mbili nzima. Kisha akawaita ofisini. "Bamama, karibuni sana," alisema. "Hapa tunafundisha kusoma. Sala iko kwenu, iko kanisa, iko mu moyo. Mu classe, hapana. Tumesikilizana?" Wakakubali.

Akina mama wengine walichoka baada ya wiki mbili. Aliyebaki alikuwa Mama Mbuyi. Huyu alikuwa mama kutoka Kasai, aliuza vitambaa sokoni, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka upande wa pili wa reli. Alikuwa amefundisha katekisimu kwa miaka mingi, na katekisimu yake ilikuwa chuma. Mtoto aliyepita mikononi mwake aliweza kukujibu swali lolote hata akiwa na homa.

Ahadi yake aliitunza. Hakutaja sala hata mara moja. Wiki ya kwanza aliwaita watoto kwa majina ya ubatizo, Numbi akawa Maria kwa siku mbili, nikamvuta kando nikamkumbusha. "Ah, Mwalimu, unisamehe, ulimi yangu njo inazoea," alisema, na tangu siku hiyo wote wakawa "mwanangu".

Na mimi? Mimi sikuwapo. Mchana sisi walimu tuliitwa kufanya mazoezi ya nyimbo na ngoma za Chama, kwa ajili ya maandamano. Ndiyo, cheka wewe, nilicheza, na kiuno changu hiki. Basi siku ya kwanza nilimpa Mama Mbuyi kitabu cha kusomea, nikamwambia, "Mama, ubasomeshe," nikaondoka mbio. Hayo tu. Wiki chache baadaye, niliporudi jioni, watoto walikuwa wanasoma kwa sauti moja, safi, bila kukwama. Nilifurahi mno. Nani anakataa kazi nzuri asiyoilipia wala kuihangaikia? Sikuketi nao hata mchana mmoja nione inavyofanyika.

Ilifanyika hivi. Mama Mbuyi alisema sentensi, watoto wakairudia. Sentensi nyingine, wakairudia, kwa kule kupanda na kushuka kwa sauti mnakokujua kwenye litania, kwa sababu ndivyo alivyojua kufundisha, na ndivyo alivyofundishwa yeye. Baada ya miezi mitatu kitabu kizima kilikuwa vichwani mwao. Mtoto akikwama, Mama Mbuyi alifungua midomo kidogo bila sauti, akaumba mwanzo wa neno, mtoto akaliokota pale. Numbi ndiye aliyeokota haraka kuliko wote. Nilianza kumwambia baba yake kwamba mambo ni mazuri.

Mchana mmoja mazoezi ya ngoma yaliahirishwa, nikawa shuleni. Siku hiyohiyo inspekta akaja bila kutangaza, kama ilivyo kawaida yao. Akiwa bado uani alisikia sauti ya mama mmoja ikiongoza na sauti za watoto zikijibu, kwa wimbo uleule wa Ijumaa za Kwaresima. Aliingia bila kubisha.

"Citoyenne, hapa ni shule ao ni kanisa?"

"Ni shule, citoyen," Mama Mbuyi akajibu. "Tuko nasoma."

"Muko nasoma nini?"

Akachukua kitabu kwenye dawati la mbele akakiangalia, kilikuwa kitabu cha Serikali, hakuna kosa. Nikapumua. Kisha akamwonyesha Numbi kidole: "Weye murefu. Simama, soma."

Numbi akasimama akasoma. "Mama anatwanga mahindi. Baba anarudi kutoka kazini. Mtoto anamletea maji." Vizuri kabisa, sauti juu. Inspekta akainama juu ya bega lake. Picha ya ukurasa ule ilikuwa ya mbwa na baiskeli. Hakuna mahindi pale, hakuna baba. Inspekta akaweka kiganja chake kikubwa juu ya ukurasa, akaufunika wote. "Endelea."

Na Numbi, maskini, akaendelea. Alisoma kupitia kiganja cha inspekta mpaka mwisho wa somo, na darasa zima likamsindikiza kwa wimbo.

Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Inspekta akatugeukia. Alisema kwamba hiyo siyo kusoma, hiyo ni katekisimu iliyovaa koti la kitabu. Angeweza kulifunga darasa papo hapo. Hakulifunga, na mpaka leo namshukuru. Alisema atarudi siku za mtihani, baada ya wiki sita, na kitabu ambacho hatujakiona, na yeye mwenyewe ndiye atakayemsomesha Numbi. "Akisoma, anapita. Asiposoma, anatoka, na aba bamama ba parokia banatoka naye."

Alipokwenda, hasira zangu zote nilimmwagia Mama Mbuyi, mbele ya watoto. "Mama, umeniharibia batoto! Miezi mitatu! Umeniharibia!" Yeye alikunja kitambaa alichokuwa anakalia, akakiweka kapuni, akatoka. Numbi alikuwa bado amesimama na kitabu chake wazi, hajui alichokosa.

Mzee Mwansa aliniita ofisini. Nilidhani atanipa pole.

"Ngoie," alisema, "kufundisha kusoma, ulijifunza miaka ngapi ku shule ya walimu?"

"Miaka ine, Directeur."

"Na Mama Mbuyi ulimufundisha dakika ngapi?"

Nikaanza kunyoosha pindo la kitenge changu.

"Mi nakuuliza. Dakika ngapi?"

"Haifike moja," nikasema. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Aliniacha nilie kidogo, akakohoa, kisha akatoa karatasi ngumu mezani na wembe. Akakata katikati ya karatasi tundu dogo la mraba, kama dirisha. Ukiiweka juu ya ukurasa unaona neno moja tu, mengine yote yamefichwa. "Kichwa inakumbuka wimbo," alisema, "haikumbuke neno moja peke yake. Tena mutoto asome kuanzia neno ya mwisho, arudie nyuma mpaka ya kwanza. Hapo wimbo inakufa." Nilitumia hilo dirisha miaka yote iliyofuata. Likateni leo, ni bure, na mtajua kwa dakika mbili kama mtoto anasoma au anaimba.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Mama Mbuyi alikuwa amekaa nyuma ya vitambaa vyake, akaniona, akajifanya anapanga mali. Nikapiga magoti pale mbele ya wateja, kama mtoto kwa mama yake, maana alikuwa mkubwa kwangu. Nikamwambia kosa ni langu. Alikunja kitambaa kimoja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mwalimu," akasema mwisho, "mi nilileta kile niko nacho. Miye banifundisha vile, na nikajua. Kumbe kujua ya kanisa na kujua ya kusoma haiko njia moja?"

"Haiko njia moja, mama. Na mi njo nilipashwa kukuonyesha."

"Basi unionyeshe. Lakini usiniache tena peke yangu na kile kitabu."

Nikaahidi. Mzee Mwansa akaandika barua kwa watu wa ngoma kwamba Citoyenne Ngoie ana mguu mbaya. Mungu amsamehe, mguu wangu ulikuwa mzima kabisa.

Siku ya kwanza ya dirisha, Numbi hakutambua hata neno "mama". Alitazama lile tundu, akatutazama sisi, akaanza kulia kwa kwikwi. Miezi mitatu alikuwa amejiona msomaji, vijana wangu, halafu tumemvua kila kitu mbele ya wenzake. Ilibidi tuanze na silabi, kwenye kibao, kwa chaki. Ma, mi, mu. Alikuwa mvumilivu. Nilikuwa naogopa kumtazama baba yake aliponisalimia barabarani.

Lakini mwanafunzi mgumu alikuwa Mama Mbuyi. Midomo yake haikutulia! Mtoto akichelewa kidogo tu, midomo ilifunguka yenyewe, na macho ya Numbi yaliruka kutoka kwenye karatasi kwenda usoni kwake. Nikamwambia asikae mbele ya mtoto, akae kando, mabega sawasawa, na kidole kilicho chini ya neno kiwe cha mtoto, siyo chake. Nikamwambia pia ahesabu mpaka ishirini kabla ya kusaidia.

"Kuhesabu kunanichokesha," alisema. "Nikisali Salamu Maria moja mu roho, bila sauti, iko mubaya? Itakuwa urefu uleule."

Nilimpelekea mzee Mwansa swali hilo. Alikohoa, akacheka, akakohoa tena. "Hiyo haina sauti. Inspekta hana masikio ya kule."

Ndivyo tulivyofanya wiki zote sita. Mtoto alikwama, Mama Mbuyi akafumba midomo, nyuso zikatulia, na mara nyingi kabla ya "Amina" yake neno lilikuwa limetoka. Ninyi mnaotaka kujua Mkristo anaingiza wapi imani yake shuleni, mahali nilipoiona mimi ni hapo. Alikuja kila siku ya darasa, alifika kwa wakati, alinyamaza, na alipendelea mtoto aliyekuwa nyuma kuliko mtoto aliyemsifu. Msimpe mtoto jibu ili ninyi mjisikie mmesaidia. Wengi wenu mtafanya hivyo, nawaona nyusoni. Jizuieni.

Siku ya mtihani inspekta alikuja na kitabu chake kipya, bado kinanuka gundi. Mama Mbuyi hakuruhusiwa kuingia. Alivaa kitenge chake cha Jumapili, akasimama uani, karibu na dirisha, akisema anapumzika tu kivulini. Mimi nilisimama ukutani, mikono nyuma.

Numbi alifungua kitabu. Mstari wa kwanza aliusoma polepole, kidole chini ya neno. Hakukuwa na wimbo. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, kisha jingine. Mstari wa pili akausoma. Kwenye mstari wa tatu kulikuwa na neno refu, "wakamsindikiza". Akasema "wa", akasema "ka", akanyamaza.

Inspekta alishika kalamu.

Numbi akainua macho. Hakunitazama mimi. Alitazama dirishani, na pale dirishani alikuwa Mama Mbuyi, na niliiona midomo yake ikianza kufunguka. Haki ya Mungu, vijana, na mimi nilitaka ifunguke. Miaka yote ya ualimu wangu, sekunde ile, nilitaka mtoto aibe lile neno apite, Kasenga isimchukue. Sioni haya kuwaambia.

Mama Mbuyi akafunga mdomo. Kisha akageuka polepole, mwili wote, akatupa mgongo. Tukabaki kuona kilemba chake na yale maua ya kitenge.

Numbi aliutazama ule mgongo. Sijui ni muda gani. Kisha akashusha macho, akarudisha kidole mwanzo wa neno. "Wa. Ka. M... mu... msi. Ndi. Ki. Za." Akakunja uso. "Wakamsindikiza." Na mara hii alilisema kama mtu aliyeelewa kwamba kuna watu kweli, na kuna mtu wanamsindikiza, akasoma mpaka nukta bila kuulizwa.

Inspekta akafungua ukurasa mwingine, mbali, akaweka kidole popote. Numbi akasoma, kwa shida, lakini akasoma. Inspekta akaandika. "Anapita," alisema, na akaita mtoto mwingine.

Mimi nilitoka nje bila ruhusa. Mama Mbuyi alikuwa bado ametazama ukuta, macho amefumba, vidole viwili amevisokomeza masikioni. Hakuwa amesikia hata neno moja. Nilimgusa bega, akashtuka, lakini hakugeuka.

"Mwalimu, usinibembeleze. Alisoma?"

"Alisoma."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, mama."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, na kitenge chake cha Jumapili, akalia kwa ile sauti yake ya soko, mpaka mzee Mwansa akatoka ofisini kuuliza nani amekufa. Mlango wa darasa ukafunguka, Numbi akatoka mbio. Nikapanua mikono. Akanipita mimi, mwalimu wake mwenye diploma, akaenda kumwangukia yule aliyemgeuzia mgongo.